Unataka kua akitekti wa kujenga mji uliobomolewa na vita? Anza na tepe

Vijana wengi hapa Lamu wakiona picha za Mogadishu, zile nyumba za Hamar Weyne na Shangani zilizotobolewa na risasi, husema wakisomea uakitekti wataenda kuzijenga. Sawa kabisa, kwanza zile nyumba ni za matumbawe na chokaa kama zetu. Masomo sitayaongelea sana: shikilia hesabu na fizikia, chuo ni miaka kama 6, alafu kuna kufanya kazi chini ya akitekti aliyesajiliwa na mitihani ya bodi.

Kitu ambacho hamuambiwi ni kwamba kazi huanza mji ukiwa bado umesimama. Warsaw kule Poland, Wajerumani waliulipua mtaa kwa mtaa baada ya maasi ya 1944, na mji wa kale ukarudishwa manake wanafunzi wa uakitekti walikua washapima na kuchora majengo kabla, michoro ikafichwa kwenye monasteri ya Piotrków. Walitazama pia picha za mchoraji Bellotto wa karne ya 18, ila huyo jamaa alikua anatia urembo wake, kwaiyo picha peke yake usiiamini.

Sasa anza na nyumba ya nyanya yako. Piga hodi na uombe ruhusa, ukiingia na tepe mpaka ndani kimya kimya utafukuzwa na utakua umejitakia. Pima kuta nne, alafu pima kona kwa kona, zote mbili, hapo ndo wengi huruka, na vyumba vyetu havijanyooka hata kidogo, ukichora mstatili safi ujue umechora nyumba ya Nairobi. Upana wa chumba mara nyingi haufiki mita 3 sababu boriti ya mkoko inayobeba dari ndo imefika mwisho, na ukilijua hilo hata ukikuta kifusi kitupu unaweza kukisia ukuta ulikua wapi. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pima mpaka kina. Wikio, kile chumba cha juu kinachovuka ujia kutoka nyumba hadi nyumba, andika limekalia ukuta wa nani na nani, manake ukianguka mmoja majirani wawili wana kesi.

Alafu kaa na fundi wa chokaa. Simiti juu ya matumbawe usipake, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajaa ndani na plasta inabanduka na jiwe lake.

Ukifika mji uliopigwa usikimbilie kuchora. Mabomu yasiyolipuka yaondolewe na wenye kazi yao, kuta zinazoyumba zitiwe nguzo, kifusi kichambuliwe. Daraja la Mostar kule Bosnia lilipigwa vitani likaanguka 1993, mawe yakaopolewa mtoni lakini hayakufaa tena, wakachonga mapya ya aina ile ile ya tenelija, jiwe la chokaa la huko, likafunguliwa 2004.

Na hati za nyumba jamani! Beirut baada ya vita vilivyoisha 1990, katikati ya mji ilipewa kampuni moja na wenye mali wakapewa hisa badala ya majengo yao, malalamiko hayajaisha mpaka leo. Mwenye nyumba akiwa mkimbizi mtafute hata kwa WhatsApp, muulize mlango ulikua upande gani na ghorofa ya juu alikaa nani, kabla hujapiga mstari wa kwanza.