Pima kisima chako kabla ndoo ya kwanza haijashuka

Aprili 2020 choo changu cha shimo hapa Igombe, Mwanza, kilijaa siku ambayo halikuanguka hata tone la mvua. Wapangaji wakaniambia, "Mama, kuna mtu anamwaga maji chooni usiku." Hakukuwa na mtu. Maji yalikuwa yanatoka chini. Ziwa Victoria lilikuwa linapanda, na Mei ile likafikia kimo cha juu kabisa tangu lianze kupimwa. Maji ya ardhini, ambayo siku zote huteremka polepole kuelekea ziwani, yakakosa pa kwenda, yakasimama chini ya nyumba zetu. Niliporudi kwenye daftari langu la kisima nikakuta maji yamekuwa yakisogea juu tangu Januari. Nilikuwa naandika tu, sijui kusoma nilichoandika. Ndiyo maana naeleza hapa yote mawili, kupima na kusoma.

Anza na alama. Chagua sehemu moja ya ukingo wa kisima, ipake rangi nyekundu upana wa kidole, na kila kipimo kitoke hapo. Pima pia kimo kutoka ardhini hadi kwenye alama, ukiandike kwenye jalada la daftari. Changu ni sentimita 62.

Nunua futi kamba ya mita 30, ile ya plastiki, maana ya chuma itashika kutu. Funga nati nzito kwenye ncha. Kisha chukua chaki ya ubaoni uipake mita nzima ya mwanzo. Usiamini macho, kisima chenye giza hudanganya. Shusha mpaka usikie nati imegusa maji, endelea kidogo hadi namba kamili, tuseme mita 5.00, ikae sawa na alama nyekundu. Vuta juu. Chaki iliyolowa itakuwa imebadilika rangi, na mpaka wake unaonekana wazi. Ukisoma sentimita 38, basi 5.00 toa 0.38 ni 4.62. Toa na kimo cha ukingo, 0.62, unabaki na mita 4.00 kutoka usawa wa ardhi. Urefu wa nati hauingii kwenye hesabu, kwa kuwa namba zote mbili umezisoma kwenye futi yenyewe.

Pima saa 12 asubuhi, kabla mtu hajachota. Siku moja nilipima jioni wapangaji wakiwa wametoka kufua, nikakuta maji yameshuka sentimita 30. Nililala na hofu ya ukame. Asubuhi yalikuwa yamerudi mahali pake. Mara moja kwa wiki inatosha kiangazi. Masika pima kila baada ya mvua kubwa. Futi ifute kwa maji ya klorini kabla ya kuishusha. Na tafadhali, futi ikinasa usishuke kuifuata, wala usimtume kijana. Hewa ya chini ya kisima inaweza kukosa oksijeni, na mtu huzimia kabla hajapata nafasi ya kuita.

Pembeni weka kopo lenye kuta zilizonyooka, mahali pa wazi pasipo mti wala paa, upime mvua kwa rula kwa milimita. Utashangaa kuona kisima kimepanda kuliko mvua yenyewe. Sababu ni kwamba maji hukaa kwenye nafasi kati ya chembe za udongo tu. Kama nafasi hiyo ni sehemu moja ya kumi, milimita 30 zikifika chini zitainua maji sentimita 30. Kwenye udongo mweusi wa mbuga nafasi ya kupokea maji mapya ni ndogo zaidi, kwa hiyo hupanda kwa kishindo. Kwenye luseni, ule mchanga wa juu karibu na mawe, hupanda taratibu. Mvua za kwanza za vuli pengine hazitasogeza chochote. Udongo uliokauka hunywa kwanza, kwa hiyo usikate tamaa Novemba.

Mimi nina visima viwili, cha nyumbani juu na cha bustanini karibu na ziwa, na nimepaka mistari ya sentimita kwenye jiwe la ufukweni. Jiwe hilo husomwa asubuhi pia, upepo ukiwa umetulia, kwa kuwa upepo husukuma maji ya ziwa. Kisima cha juu kikipanda, ni mvua. Cha chini kikipanda bila mvua, ziwa ndilo linakisukuma, na hilo haliishi haraka. Maji mengi ya ziwa hutoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja, kule Uganda, Mto Nile unakoanzia. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda karibu mita 2.5, na kushuka kukachukua miaka.

Namba ninayoiogopa mimi ni mita 1. Maji ya bustanini yakifika hapo kabla masika haijaanza, ardhi haina tena pa kuiweka mvua ijayo, nayo itapita juu, pamoja na ile inayoteremka kwenye mawe yetu yasiyonywa kitu. Hapo navuna mapema, nazibua mitaro, na maji ya kisima kile hayanywewi tena bila kuchemshwa na kutiwa dawa. Choo na kisima vinakuwa vimeungana chini kwa chini, na kipindupindu hakingoji mafuriko yaonekane.

Kwa ukame, hesabu huanza Juni. Kisima changu cha juu kina kina cha mita 6.80, na ndoo inahitaji maji ya nusu mita. Yakiwa mita 4.00, nina mita 2.30 za kutumia. Yakishuka sentimita 9 kwa wiki, zinanipeleka wiki 25, mpaka Desemba. Mwaka yaliposhuka 12 kwa wiki, zilitosha wiki 19 tu, yaani mwisho wa Oktoba. Nikapunguza matuta ya mchicha kutoka 14 hadi 6 mapema, mengine nikapanda viazi vitamu, ambavyo vikishashika havidai maji kila siku. Rudia hesabu kila mwezi, kwa sababu mwendo hubadilika.

Daftari liwe na safu hizi: tarehe, saa, kisima, kopo, jiwe la ziwani, na safu pana ya maelezo. Hiyo ya mwisho usiibane. Andika "jirani kawasha pampu", "choo kinanuka", "vyura usiku kucha". Kila mwisho wa mwezi nakili ukurasa mmoja umpelekee mwenyekiti wa mtaa, na mwingine Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, pale mjini.