Mpapatiko wa Moyo: Jinsi ya Kujiandaa kwa Ablesheni na Kujitunza Baadaye

Mpapatiko ni mapigo ya ovyo ya atriamu, yaani chemba za juu za moyo, na ablesheni ni matibabu ya kuzuia umeme unaouleta kwa kutia kovu ndani ya moyo. Mwaka 1998 daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mapigo yanayoanzisha mpapatiko mara nyingi hutoka kwenye vena za mapafu, ambazo kwa kawaida ni nne na huingia atriamu ya kushoto. Ndiyo maana daktari huzungushia midomo ya vena hizo kovu ili umeme usipite. Kovu likiacha pengo, hata dogo, mpapatiko unaweza kurudi, na hapo baadhi ya wagonjwa hurudia matibabu.

Anza na eko ya moyo, yaani picha ya mawimbi ya sauti. Afrika Mashariki bado tuna wagonjwa wengi ambao valvu ya mitrali (mlango kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) imebana kwa sababu ya homa ya rumatiki. Kwao valvu ndiyo hushughulikiwa kwanza, na dawa ya kuzuia damu kuganda huwa ni warfarini, si zile mpya kama rivaroksabani au apiksabani.

Dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda uliyoandikiwa, imeze angalau wiki 3 kabla ya ablesheni, bila kuruka hata dozi moja. Kwa warfarini, INR (kipimo cha damu cha kasi ya kuganda) iwe kati ya 2 na 3. Atriamu inayopapatika haisukumi damu vizuri, hivyo damu hutuama kwenye kijifuko chake na kuganda. Donge hilo likibanduka huenda ubongoni na kuleta kiharusi. Ukiruka dozi, sema. Hakuna atakayekugombeza, watakagua donge kwa eko ya kupitia kwenye umio kabla ya kuanza. Dozi ya asubuhi ya siku yenyewe usiamue mwenyewe: uliza na uandikiwe.

Siku hiyo utapewa dawa ya usingizi mwepesi au nusu kaputi. Katheta (mrija mwembamba) hupita kwenye vena ya kinena hadi atriamu ya kulia, kisha sindano hutoboa ukuta wa katikati kuingia atriamu ya kushoto. Heparini, dawa ya mshipani ya kuzuia damu kuganda, hutolewa mfululizo. Uliza watatumia nishati gani kutengeneza kovu, kwa sababu kila moja ina hatari zake. Joto linaweza kuunguza umio, ambao umepakana na mgongo wa atriamu. Baluni ya baridi, inayogandisha tishu, inaweza kulemaza neva ya kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu) upande wa kulia. Kwa hiyo madaktari huichochea neva na kuhisi kiwambo kikiruka, na kikilegea husitisha kugandisha papo hapo. Mipigo mifupi ya umeme, njia mpya zaidi, huua seli za moyo na kwa kiasi kikubwa huacha umio salama.

Baadaye lala chali kwa saa 4 hadi 6, mguu ukiwa umenyooka. Ukikohoa, bana kidonda kwa kiganja. Kwa wiki moja usiinue kitu kinachozidi kilo 5, hata ndoo ya maji. Doa la bluu kinenani ni kawaida. Uvimbe unaokua si kawaida. Damu ikitoka, lala na ubonyeze kwa nguvu dakika 10 bila kuchungulia, na isipokoma nenda hospitali. Maumivu makali ya kifua, kuishiwa pumzi au kuzimia ni dharura: huenda damu inavujia kwenye mfuko wa moyo.

Katika miezi 2 hadi 3 ya kwanza moyo unaweza kupapatika tena kwa sababu ya uvimbe wa majeraha. Hiyo pekee haimaanishi matibabu yameshindikana. Dawa ya kuzuia damu kuganda iendelee kipindi hicho chote kwa kila mgonjwa. Baada ya hapo uamuzi hutegemea hatari yako ya kiharusi (umri, presha, kisukari, kiharusi cha zamani), si kwa kuwa unajisikia mzima. Kosa hili la kuacha dawa kwa kujiona umepona ndilo linalotusikitisha zaidi.

Lipo pia tatizo la nadra lakini linaloua: tundu kati ya umio na atriamu, ambalo hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 1 na ya 8. Dalili zake ni homa, maumivu wakati wa kumeza, kutapika damu au udhaifu wa upande mmoja. Katika zahanati homa hiyo ni rahisi kudhaniwa malaria. Kinachotakiwa haraka ni CT ya kifua (picha ya kompyuta) yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha. Kamera ya tumboni ni hatari, kwani hupuliza hewa inayoweza kupenya moyoni na kufika ubongoni. Tembea na karatasi yenye tarehe ya ablesheni, aina ya nishati na simu ya kitengo kilichokutibu, na mwoneshe daktari yeyote kabla hajakupima.