Kabureta ya V8 ya Marekani kwenye hewa ya Mwanza

Mwenye Camaro au Chevelle ya zamani akiona gari haliruki kama sifa zake, wazo la kwanza huwa kununua kabureta (kichanganyio cha petroli na hewa) kubwa zaidi. Kwa Mwanza hiyo ni hela ya kutupa. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, hazilijui hilo. Zinamimina petroli ile ile. Ndiyo maana unaona moshi mweusi, na gari linalalamika kupanda kilima cha Bugando. Nguvu farasi 360 za Camaro Z28 ya 1970, zilizopimwa kwa mtindo wa wakati ule wa kuitoa injini kwenye gari na kuipunguzia mizigo, hapa zinabaki kama 320. Hizo huzirudishi. Zinazorudi ni zile zinazoibiwa na tyuning mbaya.

Mfano hapa ni injini ya Chevrolet 350 (lita 5.7) yenye kabureta ya Holley 1850 ya CFM 600 (futi za ujazo za hewa kwa dakika).

Anza na moto (cheche za plagi), usiguse kabureta. Plagi ziwe na gepu ya inchi 0.035 (milimita 0.9). Kama distributa (kigawa moto wa plagi) bado ni ya pointi, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme, ina kidirisha pembeni: injini ikiwa sailensa (ikizunguka taratibu bila kukanyaga mafuta), ingiza ufunguo wa Allen wa inchi 1/8, zungusha kulia mpaka ianze kumisi, kisha rudisha nusu mzunguko. Ukiwa na mita ya dweli (pembe ambayo pointi hubaki zimegusana), lenga digrii 30. Mpangilio wa moto ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Tazama 5 na 7: silinda hizo ni jirani na zinawaka kwa kufuatana, kwa hiyo waya zake zikilala pamoja, moto wa 5 unarukia 7 na injini inamisi bila sababu ya kuonekana. Zitenganishe.

Kwa taimingi (wakati cheche inaporuka), chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) wa distributa na uuzibe. Anza na digrii 8 kabla ya pistoni kufika kilele. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika jumla iwe 34 hadi 36. Injini ikigonga kwenye mlima, punguza digrii 2.

Sasa kabureta. Kiwandani 1850 inakuja na jeti za mbele namba 66. Kanuni ya mafundi ni kushuka namba moja kwa kila mita 600 za mwinuko, kwa hiyo hapa weka 64. Zima injini, iache ipoe, weka kopo chini ya bakuli la petroli la mbele, kisha legeza bolti zake nne ukianzia za chini, maana petroli itamwagika. Jeti ni za shaba laini: tumia bisibisi pana inayojaa kwenye mfereji, na ukikaza usitumie nguvu za spana ya magurudumu. Gasketi kuukuu huchanika zikitoka, nunua za akiba kabla hujafungua, pamoja na vile vipete vidogo vya bolti. Nyuma usitafute jeti. Kuna bamba lenye matundu tu, liache.

Rudisha, washa, fungua kizibo cha ubavuni mwa bakuli: petroli ifike ukingo wa chini wa tundu bila kumwagika. Shika kitambaa, ekzosti iko karibu.

Skrubu mbili za sailensa zifunge taratibu mpaka ziguse, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu kila moja. Unganisha geji ya vakyumu, zungusha robo robo mpaka usomaji upande juu kabisa. Hapa wengi hudanganyika: vitabu vya Marekani vinasema inchi 18 za zebaki, na ukipata 14 au 15 unaambiwa ringi zimekwisha. Hazijakwisha. Hewa yenyewe ya Mwanza ina pungufu ya karibu inchi 4. Skrubu zisipobadilisha chochote, shuku pawa valvu (valvu ya kabureta inayoongeza petroli vakyumu ikishuka) iliyopasuka. Ya 6.5 inatosha kwa kamshafti (mhimili unaofungua valvu za injini) ya kawaida. Kamshafti kali inayotoa inchi 10 tu inataka 4.5.

Kagua plagi baada ya safari ya kwenda Usagara. Masizi makavu meusi: shuka jeti nyingine moja. Nyeupe yenye malengelenge: panda namba ya jeti haraka, kabla pistoni haijatoboka. Kahawia hafifu, acha.

Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta wa PSI 15 (pauni kwa inchi ya mraba) ushike kweli. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hujaza rejeta na filta ya hewa. Osha rejeta kwa maji ukitokea upande wa injini, ukipigia mbele unawakandika ndani zaidi.

Jeti za 66 zifunge kwenye kimfuko ndani ya dashibodi. Ukishuka Dar es Salaam na 64, injini itapata petroli pungufu na inaweza kuchoma valvu.