Kusasisha Home Assistant iliyoachwa miaka, tangi la maji likiwa salama

Kisanduku cha shangazi yangu kule Raskazone, Tanga, ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant 2021.12, yaani programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, toleo la Desemba 2021. Kinawasha taa za uani, kinapima maji ya simtanki na kuendesha pampu. Hakijaguswa tangu kifungwe, kwa kuwa kazi yake kinaifanya. Kama nawe unacho cha namna hiyo, usikimbilie kitufe cha kusasisha, lakini usikiache pia. Machi 2023 ilitangazwa kasoro ya Supervisor (sehemu inayosimamia Home Assistant) iliyomruhusu mtu anayeifikia seva kupita bila nywila, ikapewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Ikiwa ulifungua mlango (port) kwenye rauta ili uione nyumba ukiwa safarini, ufunge kwanza.

Kisha tengeneza njia ya kurudi. Chukua bakapu ya Home Assistant yenyewe na uihamishie kwenye laptopu, ila mimi siitegemei peke yake. Zima Pi kupitia menyu, chomoa memori kadi, inakili yote kwenye kadi mpya (kwenye Linux, amri ya dd inatosha), halafu fanyia kazi ile mpya. Ya zamani iandike tarehe uiweke kabatini. Toleo jipya likishabadilisha muundo wa hifadhidata, usitarajie la zamani kuisoma, kwa hiyo kurudisha programu tu nyuma hakutakuokoa. Kadi itakuokoa. Firmwea (programu ya ndani) ya dongle ya Zigbee, kile kifaa cha USB kinachowasiliana na vihisi bila waya, nayo usiiguse siku hiyo, maana haimo kwenye kadi.

Sasa pampu, na hapa naomba uwe makini kuliko pengine pote. Mwaka 2022 Home Assistant iliacha namna ya zamani ya kuandika vihisi vya MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe). Kwenye faili la mipangilio la shangazi imeandikwa hivi:

sensor:
  - platform: mqtt
    name: "Kina cha tangi"

Siku hizi huandikwa hivi:

mqtt:
  sensor:
    - name: "Kina cha tangi"

Usipobadilisha, kihisi kinapotea baada ya kusasisha. Amri ya "washa pampu maji yakishuka chini ya asilimia 20" haitafanya kazi, na nyumba itakauka. Lakini ogopa zaidi kinyume chake: pampu ikiwa tayari inavuta, amri ya kuizima kwenye asilimia 95 nayo haitafanya kazi, na maji yatamwagika usiku kucha. Kwa hiyo kabla ya lolote, jaza tangi, zima otomesheni (amri za kujiendesha) zote za pampu, na uikate pampu kwenye swichi ya ukutani. Mwenye nyumba aoneshwe swichi hiyo na aiwashe na kuizima kwa mkono wake mbele yako.

Angalia ukubwa wa faili la hifadhidata, home-assistant_v2.db. Likiwa limefikia gigabaiti kadhaa, endesha recorder.purge (hufuta kumbukumbu za zamani), bakiza siku chache na uwashe repack (hupunguza ukubwa wa faili); takwimu za muda mrefu hazifutwi. Faili dogo hubadilishwa muundo haraka, na muda huo wote umeme haupaswi kukatika. Unganisha Pi na rauta kwenye inveta au UPS, na uwe na bando la kutosha, kwani kila toleo hupakuliwa upya.

Usiruke miaka yote kwa mkupuo. Mimi hupita Desemba hadi Desemba, nikichukua toleo la mwisho la mwezi huo kwa amri ya terminali, mfano:

ha core update --version 2023.12.4

Kabla ya kila hatua, fungua maelezo ya matoleo yaliyo katikati, nenda kwenye sehemu ya mabadiliko yanayovunja mipangilio ya zamani, tafuta majina ya vitu ulivyo navyo tu, na urekebishe. Baada ya hatua, endesha ha core check (hukagua mipangilio), soma logi, kisha fungua ukurasa wa Repairs (orodha ya matatizo ya kurekebisha), uliokuja na 2022.8. Usiendelee ukiwa na onyo linalohusu pampu au milango ya nyumba. Vilivyomo kwenye folda ya custom_components (nyongeza za watengenezaji wa nje) vitoe vyote kabla ya kuanza, uvirudishe kimoja kimoja mwishoni. Ambacho mtengenezaji wake amekitelekeza, kitafutie mbadala.

Angalia pia kama mfumo ni armv7 (biti 32) au aarch64 (biti 64). Mifumo ya biti 32 ilikoma kuhudumiwa na 2025.12, hivyo Pi 4 iliyowekewa biti 32 itahitaji mfumo mpya wa biti 64, kisha urejeshe bakapu.

Mwisho, fungua bomba, shusha maji hadi pampu iwake yenyewe, ungoje izime yenyewe. Usiondoke kabla ya hapo. Na kwa kuwa tangu 2025.1 bakapu za kujiendesha kwa kawaida hufungwa kwa ufunguo wa siri, pakua ufunguo huo, uuchapishe na umkabidhi mwenye nyumba. Ukibaki ndani ya kisanduku tu, kadi ikifa bakapu hazitafunguka.