Ndama Anayenyonya Naye Anywe Maji

Kila Oktoba na Novemba, mvua ikiwa bado na jua la Dodoma likiwaka, ndama wanakufa kwa neno lile lile: "Huyu ananyonya, maji ya nini?" Mama anashinda malishoni, ndama anabaki zizini bila tone, na jioni maziwa yanakamuliwa kwanza. Maziwa hayashiki nafasi ya maji. Akinyonya, maziwa yanapita moja kwa moja hadi tumbo la nne. Maji anayokunywa ndiyo huingia tumbo kuu, na bila hayo vijidudu vya kumeng'enya majani havistawi. Kuanzia wiki ya kwanza awekewe maji safi kivulini, yabadilishwe asubuhi na adhuhuri.

Mkague saa za mchana. Vuta ngozi ya shingo, iachie, uhesabu. Ikirudi papo hapo, ni mzima. Ikichelewa sekunde 2 hadi 6 na jicho likiwa limezama, amepungukiwa maji sana. Ikizidi hapo, au akishindwa kusimama, anahitaji dripu: mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, si kesho.

Aliyeshinda na kiu msimwekee ndoo nzima! Akibugia, chembe za damu hupasuka na mkojo huwa mwekundu, nanyi mnaanza kutafuta dawa ya ugonjwa wa kupe mkidhani ndio huo. Mpe nusu lita, ngoja nusu saa, rudia.

Anayehara na bado ananyonya, mpe ORS ya duka la dawa, ule unga wa kurudisha maji mwilini: pakiti ya lita 1 kwa lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pimeni kwa chupa ya lita, jamani, si kwa macho. Ikiwa nzito mno huzidisha kuhara. Sukari ya chai msitumie, kwa kuwa utumbo wa ndama mchanga hauna uwezo wa kuimeng'enya. Wa kilo 30 apate lita 4 kwa siku, lita 1 kila mara. Maziwa yasikatizwe, ila yaachane na ORS kwa saa 2, maana yakichanganyika hayagandi vizuri tumboni.

Akianza kukojoa na kunyonya kwa nguvu, anapona.

Asiyenyonya kabisa, msimwinue kichwa na kummiminia kwa chupa. Maji yataingia mapafuni. Huyo ni wa kuwekewa na daktari mpira wa kupitisha maji hadi tumboni.