Kuona elektroni zikihama kwa mwanga: jaribio la flavini kwa maabara za shule za Mtwara na Lindi

Vimeng'enya vingi hubeba flavini, molekuli ya manjano inayotengenezwa kutokana na vitamini B2, yaani riboflavini. Gizani flavini haina hamu kubwa ya elektroni. Ikimeza mwanga wa bluu, hasa wa nanomita 445 hivi, hamu hiyo hupanda kwa karibu volti mbili, nayo hunyakua elektroni kwa jirani yeyote aliye tayari kutoa. Katika jaribio hili jirani huyo ni EDTA, kemikali ya maabara inayokamata madini kama kalsiamu na yenye nitrojeni zinazoweza kutoa elektroni. Flavini iliyopokea elektroni hupoteza rangi, kwa hiyo tendo zima huonekana kwa macho.

Saga kidonge chenye riboflavini miligramu 5, koroga kwenye maji mililita 250, kisha chuja kwa pamba, kwani unga wa kidonge hauyeyuki wote. Soma lebo kwanza: kidonge chenye vitamini C hakifai, maana nayo hutoa elektroni na itakuharibia ulinganisho. Maji yachemshwe dakika kumi na kupozwa yakiwa yamefunikwa, ili oksijeni itoke. Tumia maji ya mvua au yaliyotoneshwa. Maji ya visima vya pwani kwenye mawe ya matumbawe yana kalsiamu, na EDTA ikishaikamata kalsiamu, nitrojeni zake hazina tena elektroni huru za kutoa.

Tenga mililita 60 za mchanganyiko huo, tia chembe chache tu za magadi soda ya kupikia. Hii ndiyo chupa ya ulinganisho. Kwenye mililita 190 zilizobaki weka EDTA ya disodiamu gramu 0.7 na magadi soda gramu 0.4. Itatoa povu, subiri litulie. Usiruke magadi. EDTA ya disodiamu peke yake ni asidi, na kwenye asidi nitrojeni zake hushikwa na protoni, hivyo utakaa juani bila kuona badiliko la maana. Unga wa kuumulia keki si mbadala, kwa kuwa una asidi ndani. Magadi makali ya kufulia nayo hayafai: alkali kali huivunja riboflavini yenyewe.

Jaza chupa nne za mililita 50 mpaka mdomoni, funga bila kuacha kiputo. Kioo kiwe hakina rangi. Chupa za dawa za kahawia huzuia bluu hiyohiyo unayoitaka. Tatu zina EDTA: moja iache bila kuifunika, moja ifunge kwa karatasi ya alumini, moja izungushie nailoni nyekundu tabaka tatu. Ya nne ni ile isiyo na EDTA. Zisimamishe kwenye beseni jeupe lenye maji ya baridi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua la Mtwara linapokuwa karibu na utosi. Siku ya mawingu tumia taa nyeupe ya LED kwa umbali wa sentimita tano. Inafaa kwa sababu ndani yake kuna LED ya bluu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Dakika za kwanza hutaona kitu. Maji ya kawaida kwa nyuzi 30 yana oksijeni takribani milimoli 0.24 kwa lita, wakati riboflavini yako ni milimoli 0.05 tu. Kuchemsha hupunguza oksijeni hiyo, lakini nyingine huingia tena unapochuja na kumimina. Kila flavini inapopokea elektroni, oksijeni huzichukua papo hapo na kugeuka haidrojeni peroksaidi. Mpaka oksijeni iishe, manjano hayaondoki. Baadaye rangi hufifia haraka, ikianzia upande unaoelekea jua. Imulike kwa taa ya kukagulia noti: mng'ao wa kijani uliokuwa mkali umezimika, ilhali chupa ya alumini bado inang'aa.

Sasa ifungue chupa iliyofifia na uitazame bila kuitikisa. Tabaka jembamba la manjano hujitokeza juu na kushuka taratibu, hewa inavyozama. Mwaga theluthi ili hewa iingie, funga, tikisa: manjano hurudi. Chupa ya nailoni haitakiwi kufifia. Ikififia, nailoni inavujisha bluu. Ile isiyo na EDTA nayo hufifia polepole, lakini ukiitikisa hairudi, kwa sababu mwanga umeikata riboflavini yenyewe kuwa molekuli nyingine, lumikromu. Ulinganisho huu ndio unaotenganisha kuhama kwa elektroni na kuharibika kwa molekuli.

Ndani ya kimeng'enya kiitwacho fotolaizi, kinachotengeneza DNA iliyoungua kwa mionzi ya jua, nafasi ya EDTA hushikwa na triptofani tatu zilizopangwa mstari. Triptofani ni mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini. Katika bakteria E. coli ziko nafasi ya 382, 359 na 306 kwenye mnyororo wa kimeng'enya hicho. Fotolaizi ikisafishwa hewani, flavini yake hupoteza elektroni moja na kuwa ya bluu. Ukiimulika, elektroni hurukishwa kupitia triptofani hizo mpaka kwenye flavini, kwa muda usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Chupa moja hurudia mzunguko mara kadhaa, ila kila safari manjano hupungua kidogo. Usionje mchanganyiko uliokwisha kumulikwa: EDTA iliyotoa elektroni huacha formaldehaidi kidogo.