Kumwachia sungura atembee huru ndani ya nyumba: anza na waya, kisha mpira wa gesi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Dar es Salaam kupanga upya sebule na chumba ili sungura wake wawili watoke bandani moja kwa moja. Nawalenga wenzangu wa nyumba za kupanga: chumba, sebule na jiko, sakafu ya marumaru, soketi ziko karibu na sakafu, na mwenye nyumba hataki kuona ukuta umetobolewa.

Kubali kwanza kwamba sungura hafundishwi kuacha waya. Ukimkemea anaacha, ukigeuka anarudi. Meno yake hukua maisha yake yote, ya mbele yakiongezeka karibu milimita mbili kila wiki, kwa hiyo ni lazima agugune. Tena huyu wa kufugwa si wa aina moja na sungura wa porini tunaowaona mashambani, ambao hawachimbi mashimo. Asili yake ni wale wa Hispania na Ureno, wachimbaji hodari, na mchimbaji hukata kila mzizi unaokatiza njia yake. Waya uliopita nyuma ya kochi, kwake ni mzizi. Basi usipoteze nguvu kumrekebisha yeye. Rekebisha nyumba.

Hatua ya 1: Chagua chumba kimoja

Usifungue nyumba nzima siku ya kwanza. Anza na sebule. Jiko libaki marufuku kabisa, mlango umefungwa. Kama jiko halina mlango, weka kizuizi cha wavu wa chuma uliochomelewa, kimo cha sentimita 90 au zaidi. Wavu mwembamba wa kuku usinunue kwa kazi hii. Sungura akiamua anaung'ata hadi ukatike, na ncha zake humchana mdomo.

Hatua ya 2: Lala chini

Lala kifudifudi na tochi mkononi, uzunguke chumba chote. Kila pengo ambalo kichwa cha sungura kinapita, mwili nao utapita. Angalia hasa nyuma ya friji, chini ya kabati na kwenye nondo za kibaraza. Ukiwa ghorofani, funga nondo hizo kwa wavu kuanzia sakafuni.

Hatua ya 3: Nyaya

Hapa ndipo mchana wote ulipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza pandisha juu kila kinachoweza kupanda: ruta, king'amuzi, chaja, redio. "Juu" maana yake ni zaidi ya mita moja, na pasiwe na kochi wala stuli pembeni, kwa sababu sungura huruka kwenye kochi kisha kutoka hapo akafika mezani. Waya nao usining'inie. King'amuzi kikikaa juu ya kabati huku waya wake umeteremka hadi sakafuni, hapo hujafanya kitu.

Vinavyobaki chini ni friji, feni na ekstensheni. Kwa hivi watu hutumia njia tatu.

Ya kwanza ni mpira wa maji wa bustani uliochanwa kwa urefu na kuvishwa waya. Ni rahisi na unapatikana kila duka la vifaa, lakini siupendi. Mpira ni laini, sungura anaumaliza kidogo kidogo na vipande vinaingia tumboni. Kwenye kona mpasuko hufunguka na waya kuchungulia. Utumie kwa siku chache tu unapotafuta kitu bora.

Ya pili ni ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko unaobandikwa ukutani. Ukipigiliwa na fundi ni mzuri. Ukibandikwa kwa gundi, joto na unyevu wa huku pwani huuachisha ukuta, na sungura akipata ukingo ulioinuka ataanzia hapo hapo.

Ya tatu ndiyo ninayoitetea: bomba gumu la PVC la fundi umeme, lile jeupe au jeusi. La milimita 20 linatosha waya mmoja, la milimita 25 hubeba nyaya kadhaa. Tatizo ni kwamba plagi haipiti ndani ya bomba. Unaweza kumwita fundi akate plagi, apitishe waya, afunge plagi upya. Usijaribu mwenyewe kama hujui waya upi unakwenda kwenye fyuzi. Au ufanye kama tulivyofanya kwa jirani: bana bomba vizuri, lichane upande mmoja kwa msumeno wa chuma kwa urefu wote, lipige msasa pembeni lisikate waya, kisha usukumie waya ndani kama unavyoingiza kamba kwenye kiuno cha suruali. Geuza mpasuko utazame ukuta na ufunge kwa vifungo vya plastiki kila baada ya hatua moja. Ncha za vifungo zikatwe hadi mwisho, nazo zinagugunwa.

Sasa linalosumbua ni miisho. Bomba linalinda katikati, lakini pale waya unapotoka kuingia kwenye plagi, na pale unapotoka kuingia kwenye friji, hubaki nafasi ya vidole viwili. Sungura atapata nafasi hiyo. Jirani alikuwa amefunika nyaya zote vizuri kabisa, na sungura mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kipande hicho kilichobaki. Tulijaribu kusogeza bomba, likafunua upande wa pili. Tulijaribu kiungo cha kona, kikawa kinachomoka kila friji ikiguswa. Kilichokubali ni kisanduku cha mbao kisicho na upande mmoja, kimeegemezwa ukutani kikiwa kimefunika soketi, plagi na mwanzo wa bomba kwa pamoja, na kitu kizito kimewekwa juu kisisogee. Toboa matundu kwa juu, maana ekstensheni inayobeba mzigo hupata joto. Kwa sababu hiyo hiyo usiuache waya wa ekstensheni umeviringwa ndani ya kisanduku. Waya uliobanana huku unapitisha umeme mwingi unaweza kuyeyuka bila sungura kuugusa.

Friji ina sharti lake. Ziba pembeni mwa friji sungura asipite kwenda nyuma, lakini tumia wavu wa chuma, siyo ubao mzima, na juu pawe wazi. Mashine ya nyuma inahitaji hewa.

Wengi watakushauri upake waya pilipili, siki au sabuni kali. Sitegemei hata kimoja. Harufu huisha kwa siku moja mbili, na wapo sungura wanaolamba pilipili bila wasiwasi. Kuzungushia tepu ya umeme ni vibaya zaidi kwa sababu unampa kitu kingine cha kumeza.

Zima swichi ya soketi kila unapotoka. Umeme wetu ni volti 230, unaua. Ikitokea ameng'ata waya wenye moto, usimguse. Zima swichi kuu kwanza, kisha mchukue. Hata akionekana mzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa mdomo unaweza kuwa umeungua ndani, na mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Hatua ya 4: Mpira wa gesi

Hili miongozo mingi ya nje hailitaji, kwa sababu kwao gesi hupita kwenye mabomba ya ukutani. Sisi tuna mtungi sakafuni na mpira umelala pembeni yake, tena mara nyingi kwenye kona ya sebule hiyo hiyo. Jino la sungura linautoboa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, alipo yeye na walipo watoto wanaotambaa.

Jiko likiwa na mlango, ufungwe, na umemaliza. Kama sivyo, zungushia mtungi wavu wa chuma. Usiufungie kwenye kabati lisilopitisha hewa, gesi ikivuja itajikusanya humo. Badilisha mpira wa kawaida kwa ule uliosukwa nyuzi za chuma kwa nje, na ufunge valvu ya mtungi kila ukimaliza kupika. Ukisikia harufu, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa.

Hatua ya 5: Sakafu

Nyayo za sungura hazina nyama laini kama za paka au mbwa, ni manyoya matupu. Kwenye marumaru huteleza, miguu ikatawanyika, na akishtuka akaruka vibaya anaweza kuumia uti wa mgongo. Atandikiwe njia, hasa anapopenda kukimbia na anaporukia chini kutoka kochini.

Mimi napendelea mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Akiuguguna ni majani tu. Ubane chini ya miguu ya kochi ili usiteleze. Mkeka wa plastiki hapana. Zulia la manyoya marefu pia hapana, kwa sababu nyuzi zake haziyeyuki tumboni na sungura hawezi kutapika. Zulia fupi lililobana linafaa, mradi ukingo umekunjwa chini.

Usitandike kila mahali. Acha sehemu ya marumaru wazi, kwenye kivuli. Utaona kwa nini kwenye hatua ya joto.

Hatua ya 6: Makochi, kitanda, chandarua

Geuza kochi. Kile kitambaa cheusi cha chini atakipasua, aingie ndani, na mtu akikaa anaweza kumponda. Mwombe fundi akupigilie plaiwudi nyembamba. Chandarua kichomekwe au kifungwe juu mchana, kwani kina dawa na nyuzi zake hazimeng'enyeki. Mapazia yasifike sakafuni. Ndoo na mabeseni ya maji ya akiba yawe na vifuniko.

Hatua ya 7: Sumu

Sumu ya panya iondoke nyumbani kabisa, siyo kusogezwa. Nyingi hutengenezwa na nafaka, na panya huibeba kutoka kona moja hadi nyingine. Gundi ya panya inayotegwa kwenye kadibodi nayo itoke. Sungura akinasa atajichuna ngozi au kuvunjika akijinasua. Kama panya ni wengi, ziba matundu na utumie mtego wa kisanduku.

Chaki ya mende isichorwe chini. Ukipuliza dawa ya mbu, mtoe kwanza na umrudishe chumba kikishapata hewa. Matone ya kuua viroboto ya mbwa yenye fipronili usimpake hata kidogo, yanaweza kumuua.

Upande wa mimea, toa difenbakia na oleanda za vyungu. Usimletee mnyaa, mbarika, lantana, wala majani ya mparachichi, nyanya na viazi mviringo. Ukiwa hulijui jani, usimpe.

Hatua ya 8: Joto

Sungura hatoki jasho mwilini. Hupoza damu kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 28 hadi 30 anaanza kuteseka. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi tunapita hapo karibu kila mchana, na nyumba ya bati isiyo na dari ni mbaya zaidi. Feni inasaidia, ila umeme ukikatika hakuna feni. Kwa hiyo weka daima chupa za maji zilizoganda kwenye friza. Moja ifunge kwa kanga na kuilaza pale penye marumaru wazi, atajilaza pembeni yake. Maji ya kunywa yawe kwenye bakuli zito, yabadilishwe mara kwa mara.

Akihema kwa mdomo wazi, masikio yakiwa ya moto na mwili umelegea, lowanisha masikio kwa maji ya baridi ya kawaida, yasiwe ya barafu. Mwelekezee upepo, uanze safari ya kwa daktari.

Hatua ya 9: Mpe vyake

Ukimnyima waya mpe cha kuguguna: nyasi kavu muda wote, vijiti vya mwembe visivyopuliziwa dawa, kadibodi isiyo na pini wala plastiki. Robota la nyasi za Rhodes hukaa muda mrefu. Trei ya choo iwe kwenye kona anayoichagua yeye, na nyasi ziwe hapo hapo, maana hula na kunya kwa wakati mmoja. Chini weka magazeti. Maranda ya mbao laini ya msonobari nisingeweka, harufu yake inaumiza ini na njia ya hewa.

Ahasiwe. Dume asiyehasiwa hunyunyizia mkojo makochi, na jike aliyekomaa hushambuliwa sana na saratani ya kizazi. Ukiwa na dume na jike, watenganishe kwa wiki sita baada ya upasuaji wa dume, maana muda huo bado anaweza kuzalisha, na mimba yao ni mwezi mmoja tu.

Hatua ya 10: Siku za kwanza

Sungura huchangamka alfajiri na magharibi. Hizo ndizo saa za kukaa naye sakafuni na kutazama anaelekea wapi. Usiku arudi bandani hadi uone amepita siku kadhaa bila kupata jipya la kung'ata. Kila wiki pitisha mkono kwenye mabomba ya nyaya, alama mpya ya meno utaihisi kabla hujaiona.

Tazama na choo chake. Asipokula wala kunya kwa saa 12, usingoje kesho, utumbo wake umesimama. Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, kwa hiyo tafuta sasa hivi mwenye uzoefu wa sungura, umuulize waziwazi kama amewahi kuwapa ganzi. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Namba ya daktari utakayempata iandike mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona, hata dada wa kazi.